Umeniona Wapi?

Juu ya Kianjokoma, kaunti ya Embu, pale mashamba ya chai yanapokaribia kabisa msitu wa Mlima Kenya, lipo shimo moja la mviringo ambalo nimelijua tangu utotoni. Si la kutisha. Mtu mzima akisimama katikati, kichwa chake kinaonekana kutoka barabarani. Juzi nililipima kwa hatua: kumi na mbili kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenye shamba amelizungushia michai pande zote, lakini ndani yake kapanda nepia ya ng'ombe, maana mchai haupendi maji yanayotuama, na mvua za Aprili zikishika hapo huwa kidimbwi cha vyura. Mwulize shimo hilo ni la nini, atakujibu huku akiendelea kuchuma chai yake.

"Nyumba ya Agumba hiyo."

Cucu, yaani bibi yangu, alitusimulia habari zao jioni, tukimenya maharagwe. Agumba walikuwa watu wafupi, kimo cha mtoto anayeanza shule, ila wenye mabega na nguvu za wanaume wawili. Walilala chini ya ardhi, katika mashimo yaliyoezekwa kwa matawi na ngozi. Walitundika mizinga ya nyuki, wakafuata ndovu msituni, wakafua chuma, wakafinyanga vyungu. Wazee wetu walipopanda kutoka chini na mashoka yao, wakafyeka msitu na kupanda mawele, Agumba waliingia ndani ya ardhi wakaziba mlango nyuma yao. Hapo Cucu alinyamaza, na sisi tukatega sikio sakafuni.

Ukivuka mto, hadithi inageuka kidogo. Chuka wana yao, Mwimbi na Muthambi wana zao, na Wakikuyu wa upande wa pili wa mlima nao wana ya kwao. Huku utasikia kwamba Agumba walikuwa na mifugo, kule kwamba walikuwa wezi wa mifugo ya wengine. Wapo wanaosema walimalizwa vitani, na wapo wanaokubali, tena kwa sauti ya chini, kwamba walioana na wenyeji wapya na damu yao bado imo katika koo fulani. Katika maandishi ya zamani kuhusu Wakikuyu limo pia jina Maithoachiana, yaani macho ya watoto. Jambo moja halibadiliki popote: walikuwa wafupi, na walikuwa hapa kabla yetu.

Niliwakumbuka Agumba niliposoma habari za chama kimoja cha Uingereza ambacho historia yake ingeweza kuwa sinema. Kiliitwa Fairy Investigation Society, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuchunguza habari za watu walioona vibwengo. Nasema vibwengo kwa kukosa neno bora. Wa kwetu pwani ni wakali kidogo, na wa Kizungu ni wale viumbe wadogo wa maua na vijito, wengine wenye mabawa. Chama kilianzishwa London mwaka 1927 na watu wawili ambao huwezi kuwaita wajinga. Mmoja ni Quentin Craufurd, ofisa wa jeshi la majini, aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kurusha sauti kwa redio kutoka melini, mwaka 1907. Mwingine ni msanii Bernard Sleigh, ambaye alikwisha kuchora ramani ndefu ya rangi ya nchi ya vibwengo, yenye milima, bandari na misitu yake, kana kwamba mpimaji ardhi alikuwa amepita huko na mnyororo wake.

Craufurd alichanganya elimu yake na imani yake bila wasiwasi. Alidai kwamba vibwengo wa kinamasi walizungumza naye kupitia mitambo ya redio. Tusimcheke haraka. Redio yenyewe ilikuwa muujiza wakati ule. Mtu aliyesikia sauti ya binadamu ikitoka hewani bila waya angekosaje kujiuliza ni sauti za nani nyingine zilizokuwa zikipita humo?

Tena wakati ulikuwa wao. Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley, wasichana wawili, Elsie Wright na Frances Griffiths, walijipiga picha wakiwa na vibwengo kando ya kijito. Arthur Conan Doyle, yule yule aliyembuni mpelelezi Sherlock Holmes, aliziamini picha hizo, akazitoa jaridani mwaka 1920 na kuziandikia kitabu mwaka 1922. Ilichukua hadi 1983 wasichana wale, sasa vikongwe, kukiri kwamba vibwengo walikuwa karatasi zilizokatwa kwa mkasi na kusimamishwa kwa pini za kofia.

Chama kiliwavuta watu wakubwa. Hugh Dowding, kamanda wa ndege za kivita zilizoilinda Uingereza dhidi ya Wajerumani mwaka 1940, alikuwa mwanachama, na hakuficha kwamba aliamini vibwengo wapo. Walt Disney naye hutajwa katika orodha. Lakini aliyekibeba chama mgongoni ni mwanamke wa Nottingham, Marjorie Johnson, aliyekuwa katibu kuanzia 1950. Katikati ya miaka ya 1950, akisaidiwa na mwandishi wa Kiskoti Alasdair Alpin MacGregor, alitoa mwito kwa watu waandike walichokiona. Barua zikamiminika. Alizipanga, akazilinganisha, akatengeneza kitabu, na kitabu kikakosa mchapishaji kwa miongo kadhaa. Kilitoka kwanza kwa Kijerumani mwaka 2000. Kwa Kiingereza kilitoka 2014, miaka mitatu baada ya yeye kufariki. Chama kilikuwa kimekwisha zimika, mpaka mwanahistoria Simon Young alipokifufua na kufanya sensa mpya kati ya 2014 na 2017. Visa karibu mia tano vilikusanywa.

Katika sensa hizo mtu anaulizwa mambo ya kawaida kabisa. Ulikuwa wapi? Saa ngapi? Ulikuwa na nani? Kiumbe kilikuwa na kimo gani? Ukiyasoma majibu unagundua jambo: ni ushahidi wa macho mwanzo hadi mwisho. Mama alikuwa akipanga maua bustanini, akaona. Mtoto alikuwa kitandani, akaona. Hakuna anayesema babu yake alimkuta kibwengo akimiliki kile kilima na kumnyang'anya.

Na hapo ndipo mimi, mtoto wa Embu, naachana nao. Sijawahi kukutana na mtu wa Embu wala Meru anayedai kwamba amemwona Mugumba kwa macho yake. Hata mlevi arudiye nyumbani usiku wa manane hasemi hivyo. Atasema amesikia fisi, au ameona taa isiyo na mtu. Mugumba si wa kuonwa. Mugumba aliondoka.

Pwani mambo ni tofauti. Mwaka 1891 W. E. Taylor, mmisionari yule aliyekusanya methali za Kiswahili na kuhifadhi tungo za Muyaka, alichapisha msamiati wa Kigiriama. Humo kuna katsumbakazi, pepo mfupi sana ambaye huweza kuonekana hata mchana. Akikutana na mtu, humwuliza: umeniona wapi? Ole wake anayejibu "papa hapa", kwa maana siku zake zimehesabiwa. Mwerevu husema, "Nimekuona tangu kule mbali", naye katsumbakazi hufurahi, akamwacha aende zake, pengine na bahati juu.

Swali hilo hilo limesafiri mbali. Wazulu wanasimulia kwamba abatwa, watu wafupi wa kale, waliuliza hivyo hivyo. Malawi watu hao wa kale wamepewa swali lenyewe kuwa jina: Mwandionerapati, "umenionea wapi?" Alice Werner, aliyekuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu London, aliziweka pamoja hadithi hizi katika kitabu chake cha 1933 kuhusu ngano za Wabantu. Humo wamo pia Wakonyingo wa Kilimanjaro, ambao ndio ninaowapenda kuliko wote. Wachaga walisema Wakonyingo hawapiti kimo cha mtoto, ila vichwa vyao ni vikubwa mno. Hawalali chini. Hukaa wameegemea ukuta usiku kucha, kwa sababu mmoja wao akianguka hawezi kuinuka mwenyewe. Ndiyo maana kila mmoja hubeba pembe kiunoni: akianguka, anaipuliza, na wenzake wanakuja kumnyanyua. Yeyote aliyebuni pembe ile alikuwa anawajua binadamu.

Wazungu waliokuja kwetu nao walikuwa na orodha zao za viumbe, na hapa nitapita mbio. Chama cha historia ya maumbile cha Afrika Mashariki kiliundwa Nairobi mwaka 1909, na jumba lake la makumbusho ndilo mzizi wa Makumbusho ya Kitaifa ya leo. Mwaka 1912 ofisa wa serikali C. W. Hobley alichapisha katika jarida la chama hicho makala kuhusu wanyama wasiotambulika. Desemba 1937 Kapteni William Hichens aliandika katika jarida la Discovery la Uingereza kwamba, akiwinda simba mla watu magharibi ya mbuga za Wembere, Tanganyika, aliona viumbe wawili wafupi wenye manyoya mekundu wakitembea kwa miguu miwili. Aliwaita agogwe, akaongeza kwamba wenyeji huwaachia pombe na chakula, nao huja usiku kuwapalilia shamba. Mwaka uliofuata msomaji mmoja aliandika kumuunga mkono: yeye na mkewe waliona kitu kama hicho kwenye pwani ya Msumbiji, wakiwa juu ya meli ya Kijapani. Mwaka walipokiona ni 1927, mwaka ule ule wa chama cha London. Na mwaka 1990 mtafiti Mfaransa Jacqueline Roumeguère-Eberhardt alitoa kitabu kizima cha ushuhuda alioukusanya Kenya kuhusu viumbe vya msituni vinavyofanana na watu, akavipa herufi X na namba. Sensa nyingine. Nani ameona, wapi, saa ngapi.

Waliowachunguza Agumba walikuja na swali jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa historia walitawanyika vijijini na vinasa sauti. Ilikuwa enzi ya uhuru, na vyuo vikuu vilikuwa vimeanza kukubali kwamba neno la mzee asiyejua kusoma linaweza kuwa hati. H. S. K. Mwaniki aliwahoji wazee wa Embu na Mbeere. Mwaka 1973 ikatoka historia hai ya Embu na Mbeere, na mwaka 1974 masimulizi yenyewe ya wazee. Jeffrey Fadiman, Mmarekani, alifanya hivyo Meru, na vitabu vyake vya 1982 na 1993 vimejaa sauti za wazee wa Imenti, Tigania na Mwimbi. Godfrey Muriuki aliandika historia ya Wakikuyu, 1974. Wote walikutana na Agumba njiani, kwa sababu mzee huwezi kumwuliza "mlifikaje hapa?" bila yeye kukueleza "tulimkuta nani hapa".

Mwakiolojia Ari Siiriäinen kutoka Ufini alichukua njia ya jembe. Alichimba Gatung'ang'a, upande wa Nyeri, na makala yake katika jarida la Azania mwaka 1971 ilijitangaza wazi kuwa mchango katika suala la Gumba. Alitaka kulipa jina hilo udongo na vyungu. Ni kazi ngumu. Kigae kinakuambia kilichomwa vipi na kilipambwa kwa nini, lakini hakikuambii aliyekifinyanga alikuwa na kimo gani, wala jirani zake walimwitaje.

Kimo hiki kinanitatiza. Mbona kila aliyetangulia ni mfupi? Zuluni mfupi, Malawi mfupi, Kilimanjaro mfupi, kwetu mfupi. Wawindaji waliishi kweli katika misitu hii, kama Waogiek wanavyoishi Mau hadi leo, na sioni sababu ya kuamini kwamba wote walikuwa na kimo cha mtoto wa shule. Nashuku kwamba ufupi uliwajia baadaye, mdomoni mwetu. Mtu uliyemchukulia msitu, ukabaki na mizinga yake na majina ya vijito vyake, huwezi kuendelea kumkumbuka akiwa sawa na wewe kwa kimo. Unampunguza kila kizazi. Mwisho anatosha kuingia shimoni, na humo hamdaiani.

Kumbe hata huko Ulaya mzizi ni huo. Waairishi husimulia kwamba Tuatha Dé Danann waliitawala Ireland kabla ya watu wa sasa, wakashindwa vitani, wakapewa sehemu ya chini ya nchi: wakaingia ndani ya vilima, na ndio waliokuja kuwa vibwengo. Mwaka 1890 David MacRitchie wa Scotland alitoa kitabu akisema vibwengo si roho, ni kumbukumbu ya watu wafupi wa kale waliokaa katika nyumba za chini ya vilima vidogo. Mwaka huo huo Henry Morton Stanley alitoa kitabu cha safari yake katika msitu wa Ituri, Kongo ya mashariki, na London ilikuwa ikizungumzia Wambuti, watu wafupi wa msitu huo. Baadhi ya wataalamu walimkataa MacRitchie, na huenda walikuwa na haki kwa upande wa Scotland. Ila angefika Kianjokoma wangemwelewa bila mkalimani.

Kwetu habari ya aliyetangulia haijawahi kuwa ya kulalia. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliunda Tume ya Ardhi, mwenyekiti wake Morris Carter, na wazee wakaitwa kueleza mashamba waliyapataje. Wakikuyu walisema waliyanunua kwa Athi, wawindaji wa msituni, na kabla ya Athi walikuwapo Agumba. Hadithi ya jikoni ikawa ushahidi mbele ya jaji. Mashamba ya Embu na Meru yaliwekwa katika fungu moja na ya Kiambu, Fort Hall na Nyeri. Ofisa H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya Meru katika miaka ya 1930, na ambaye wapenzi wa Kiswahili tunamjua kwa utafiti wake wa lahaja za pwani, aliandika kitabu kizima cha umilikaji wa ardhi katika fungu hilo. Baadaye kule Mbeere, ardhi ilipoanza kupimwa na kuandikishwa, koo zilishitakiana miaka na miaka kwa kusimulia nani alifyeka wapi kwanza. Mwanaanthropolojia Jack Glazier alikaa huko akisikiliza, na kitabu chake cha 1985 kinahusu jambo hilo hasa: ardhi, na namna masimulizi ya kale yanavyotumiwa kuipata. Mashahidi walikumbuka vizuri sana. Baadhi walikumbuka zaidi kadiri kesi ilivyoendelea.

Ndiyo sababu nilipopanda tena Kianjokoma nilibeba maswali ya wale Waingereza. Nilitaka kuona yakiulizwa kwetu yatajibiwaje. Mwenye shamba alikuwa ametoka kituo cha kupimia chai, kikapu kitupu mgongoni. Ni mzee wa heshima, nimemwamkia tangu nikiwa mdogo. Tukasimama ukingoni mwa shimo, nepia ikitufika magotini.

"Mzee, hao Agumba walikaa wapi hasa?"

"Si hapo unapotazama."

"Wakati gani?"

"Kabla ya baba yake baba yangu. Na huyo naye aliambiwa."

"Walikuwa na kimo gani?"

Alinyoosha kiganja juu ya safu ya michai, akakishusha kidogo, akakishusha tena, mpaka kikagusa majani yaliyokwisha kukatwa sawasawa kwa ajili ya wachumaji. "Hapa," alisema. Michai yake inanifika kiunoni.

Nilikuwa nikiandika. Nilipouliza la nne, kama kuna mtu yeyote katika ukoo wake aliyewahi kuwaona, hakujibu. Aliitazama kalamu, kisha akanitazama mimi.

"Mwana wakwa," akasema, "nani amekutuma? Kuna mtu anataka hili shamba?"

Nikamwambia hakuna. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama langoni mikono nyuma, hakuondoka mpaka bodaboda yangu ilipokata kona.